Unene wa Kidole: Niliyoyajua Nikiendesha Gari la Kufagia

Gari la kufagia barabara likipita, macho yote huenda kwenye brashi. Ndiyo inayoonekana: inazunguka pembeni mwa tairi, inapiga ukingo, inatimua vumbi kidogo, watoto wanaishangaa. Lakini brashi haiokoti kitu. Kazi yake ni kubandua mchanga pale ukingoni na kuusukumia chini ya gari, ambako kuna kitu ambacho mpita njia hakioni. Sisi tulikiita mdomo.

Mdomo ni sanduku la chuma lisilo na kitako, linatembea juu ya vigurudumu vyake, limening'inia nyuma kidogo ya brashi. Juu yake limeungwa bomba pana la mpira linalopanda hadi kwenye boksi la taka. Nyuma ya kabini kuna injini ya pili ambayo haihusiki na kuendesha gari. Yenyewe inazungusha feni tu, na feni inavuta hewa kutoka ndani ya boksi na kuitoa nje. Boksi likipungukiwa hewa, hewa ya nje inatafuta njia ya kuingia, na njia iliyoachwa ni moja: chini ya mdomo, katika pengo kati ya chuma na lami. Pengo hilo ni la unene wa kidole, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa kuwa ni jembamba, hewa inapita kwa kasi kubwa, na ile kasi ndiyo inayoinua mchanga, kokoto, vizibo vya soda na vichungi vya sigara.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila kosa nililoliona kwenye kazi hii, la dereva, la fundi au la bosi aliyenunua mashine isiyomfaa, lilitokana na kuamini kwamba nguvu iko kwenye injini. Nguvu iko kwenye pengo.

Mimi nilikuwa dereva wa semi, njia ya Dar hadi Tunduma, kabla ya kwenda Muscat kutafuta maisha. Kule nikapewa lori la tani 16 linalotembea kilomita 6 au 7 kwa saa, usiku, kwenye barabara ya Sultan Qaboos, magari ya watu yakinipita kama risasi. Msimamizi wa zamu alikuwa mzee wa Kiomani mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, aliyeondoka akiwa mtoto baada ya mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinipeleka kipande cha barabara upande wa Qurum, mchanga umejaa kwenye kingo, akaniambia nipite mara ya kwanza kwa mwendo ninaoutaka mimi, halafu turudie kipande cha mbele yake kwa mwendo anaoutaka yeye. Tulipomaliza tukateremka na tochi. Akachutama, akapitisha kiganja juu ya lami sehemu ya kwanza, akanionesha: kiganja kimejaa vumbi la kijivu. Akapitisha sehemu ya pili, kikatoka karibu safi.

"Kwa macho zote zimefagiwa," akasema. "Lakini hapa, mwanangu, mchanga haujapata muda wa kuinuka, wewe ushafika Mutrah."

Kisha akanionesha mdomo wenyewe, akaunyooshea kidole ule mpira mnene ulioning'inia kwa nyuma. Mpira ule ukilika, pengo linapanuka, hewa inaingia polepole kutoka kila upande na kinachopanda ni chepesi tu. Mawe na mchanga mzito vinabaki chini. "Mrija wa soda huo. Ukiuinua juu ya soda utavuta nini? Utavuta upepo." Tangu siku hiyo kabla ya kuwasha gari nilikuwa naingia chini na kuupima mpira kwa kidole. Madereva wengine walinicheka, wakisema Mswahili anaiombea dua gari. Mpira mmoja wa nyuma ulikuwa rahisi kuliko dizeli ya usiku mmoja, lakini ofisi ilikuwa inauchelewesha hadi chuma kianze kukwaruza lami.

Mdomo una kifuniko cha mbele kinachoinuka kwa kitufe. Chupa ya maji haiwezi kupita kwenye pengo la kidole, kwa hiyo ukiiona mbele unafungua kifuniko, inaingia, unafunga. Ndani ya ile sekunde moja mvuto umepotea, na mchanga wa pale umebaki. Dereva anayependa kuonekana msafi anafungua kila akiona karatasi, na nyuma yake anaacha madoa ya mchanga. Wenye uzoefu wanamtanguliza kibarua na gunia, aokote chupa na maboksi kwa mkono. Kwangu huyo kibarua ni sehemu ya mashine, wala haoneshi kwamba mashine imeshindwa.

Maji nayo yana siri yake. Kwenye brashi na ndani ya mdomo kuna vinyunyizio vidogo. Wengi wanadhani ni vya kuosha barabara. Ni vya kulifanya vumbi liwe zito, lishikane, likifika ndani ya boksi lianguke. Hewa inapotoka kwenye bomba jembamba na kuingia kwenye boksi pana, kasi yake inakufa, na kila kizito kinadondoka. Vumbi jepesi likiwa kavu halidondoki. Linaendelea na hewa, linapita kwenye wavu wa juu, linaipiga feni, halafu linatoka kwenye paa la gari na kurudi kulekule barabarani. Nimeziona feni zilizofanya kazi bila maji. Ncha za mapanga yake zimelika na kuwa nyembamba kama wembe, na feni ikipoteza ulinganifu inatikisa gari zima hadi beringi zinakufa. Ukizidisha maji, hata hivyo, mchanga unageuka tope, unaganda kwenye kona ya bomba pale juu na unaziba. Kiasi sahihi hakiandikwi popote. Unakijua kwa kutazama alama unayoiacha nyuma: lami iwe na unyevu unaokauka kabla gari la pili halijapita.

Kiangazi cha kule kina tende. Mitende imepandwa kandokando ya barabara kuu, na Julai tende zikiiva zinadondoka, zinakanyagwa na magari, zinashika lami kama gundi. Hakuna hewa inayobandua tende iliyokanyagwa. Hapo brashi ndiyo inafanya kazi, na hapo ndipo watu huharibu brashi. Wanaikandamiza. Nyuzi zake za chuma zimetengenezwa zifagie kwa ncha. Ukizikandamiza zinalala, zinapaka tende badala ya kuikwangua, na brashi ya mwezi mzima inaisha kwa siku chache. Fundi wetu, Mhindi wa Kerala asiyejua Kiswahili wala mimi Kimalayalam, alinielewesha kwa kuchukua uzi mmoja wa chuma na kuukwaruzia kwenye meza: kwanza wima, kisha umelazwa. Sikuhitaji mkalimani. Kokwa zikishabanduka zinapanda bombani kwa kelele, tak-tak-tak-tak, na kwa kelele hiyo unajua mvuto upo.

Sauti ndiyo saa ya dereva wa gari hili. Nikikaa kwenye kabini nilikuwa nasikiliza vitu viwili, bomba na feni. Bomba likinyamaza wakati mchanga unaonekana mbele, kuna kitu kimekwama. Na feni hapo inafanya kinyume na unavyotarajia: haigugumii, inapiga mluzi mwembamba zaidi, injini inakuwa nyepesi. Dereva mgeni anafurahi, anadhani gari limepata nguvu. Kumbe feni haina hewa ya kusukuma, ndiyo maana imepumzika. Kinachofuata ni kuzima, kufungua kiungo cha bomba, kuingiza mkono wenye glavu na kuvuta kilichomo. Nimewahi kuvuta kandambili, kilemba, tairi la baiskeli ya mtoto, na rundo la majani ya mtende yaliyosukana yenyewe.

Sasa uzito. Hili ningependa kila halmashauri inayofikiria kununua mashine hizi ilijue. Boksi la gari langu lilikuwa la mita za ujazo 6. Ukimwambia mtu hivyo anaona nafasi kubwa. Lakini mchanga uliolowa unakaribia tani 2 kwa kila mita ya ujazo. Boksi likijaa hadi juu ni tani 12 za mchanga, kwenye lori ambalo pamoja na mashine zake tayari linakula zaidi ya nusu ya zile tani 16 linazoruhusiwa. Maana yake boksi likifika nusu limeshajaa kwa uzito, hata kama kwa macho kuna nafasi. Kwenye nchi ya majani ya miti unaweza kujaza hadi kifuniko kigome. Kwenye nchi ya mchanga ukijaza unapasua springi, unachosha breki, na mkifika kwenye mizani ya barabarani mnaanza kutazamana.

Jalalani niliona mwisho wa jambo hilo. Mwenzangu, kijana wa Mombasa, alirudi alfajiri na boksi lililojaa mchanga wa maji. Pale pa kumwagia palikuwa pamechimbwachimbwa na magari ya kifusi, tairi za kushoto ziko chini kidogo kuliko za kulia. Akafungua mlango wa nyuma, akaanza kuinua boksi. Mchanga mkavu ungeteleza. Ule uliolowa ulikuwa umekaa mbele, umeshikana, haukutaka kushuka. Boksi likaendelea kupanda na tani zote ziko juu, na gari likaanza kuinama taratibu upande wa kushoto. Nilimpigia kelele, "Shusha! Shusha kaka!" Alishusha, lakini haidroliki haina haraka, na kwa muda tairi moja ya nyuma upande wa kulia ilikuwa hewani, inazunguka bure. Gari lilirudi chini. Yeye aliteremka, akakaa juu ya jiwe, akaomba maji.

Baada ya hapo mzee alitoa amri ya kufungua vali ya maji na kuyaacha yatoke kwenye shimo la kuchujia kabla ya kumwaga, na kila mtu ateremke kuitazama ardhi kwanza. Pia hakuna anayeingia chini ya boksi lililoinuliwa kuosha wavu bila kusimamisha nguzo ya chuma. Ofisi ilikuwa na karatasi inayosema hivyo tangu zamani, imebandikwa ukutani, kwa Kiingereza na Kiarabu.

Mwaka 2021, mwanzoni mwa Oktoba, kimbunga Shaheen kiliingia pwani ya Batinah, kaskazini mwa Oman. Maji yalipokwisha barabara zilikuwa chini ya tope, na simu zikaanza: leteni magari ya kufagia. Watu wanaona barabara chafu wanaita gari la kufagia. Tope la kufika kifundoni haliingii kwenye pengo la kidole, na hata likiingia linajaza boksi ndani ya mita chache. Zinatangulia greda na vijiko, vinakokota lile zito. Linafuata boza la maji, linalainisha na kusukuma lililobaki pembeni. Gari letu linaingia mwisho kabisa, kunyonya kile ambacho kikikauka kitakuwa vumbi la miezi. Ukilitanguliza, unaua mashine na barabara inabaki vilevile.

Kwa tope na kokoto kuna aina nyingine ya gari, ambalo halinyonyi. Brashi yake pana ya nyuma inazunguka kwa kurusha mbele, takataka zinapanda kwenye mkanda wenye vibao hadi kwenye boksi. Ni wazo la zamani sana: huko Manchester, miaka ya 1840, Joseph Whitworth alitengeneza gari la kuvutwa na farasi ambalo magurudumu yake yalizungusha mnyororo wenye mafagio yaliyopandisha uchafu juu ya ubao hadi ndani. Magari ya mkanda ni hodari kwa vizito, kama kokoto za lami iliyokwanguliwa. Vumbi laini yanaliacha. Niliendesha moja kwa muda mfupi na sikulipenda. Mkanda wake ukiingia kipande cha waya unang'oka vibao.

Aina ya tatu niliikuta nilipohamishiwa kiwanja cha ndege. Ile hewa inayotoka kwenye feni haitupwi nje. Inarudishwa chini, inapulizwa kwenye lami upande mmoja wa mdomo na kunyonywa upande wa pili, na mdomo wenyewe unakaribia upana wa gari zima. Inapuliza hadi mchanga uliojificha kwenye nyufa. Uwanjani ndiyo inayofaa, kwa sababu kule hakuna ukingo, kuna uwanda tu, na unatakiwa umalize kabla ndege haijaruhusiwa.

Kule hawafanyi mzaha. Brashi za chuma haziruhusiwi karibu na njia ya kurukia, kwani uzi mmoja ukikatika umeshaleta uchafu badala ya kuuondoa. Kwenye mafunzo tulioneshwa habari ya Concorde, ndege ya abiria iliyoanguka Paris, 25 Julai 2000. Ndege iliyotangulia kuruka iliangusha kipande chembamba cha metali, urefu wake sentimita 43 hivi. Concorde ikakikanyaga, tairi likapasuka, vipande vya tairi vikapiga bawa penye tangi la mafuta. Wakafa watu 113, wanne kati yao wakiwa chini, kwenye hoteli ilipoangukia.

Chini ya bampa ya mbele ya gari letu palifungwa nondo ndefu ya sumaku. Mwisho wa zamu tuliipangusa na kuhesabu: skrubu, washa, vipande vya waya, kibano cha sanduku la abiria. Nilimuuliza mwalimu kama sumaku ingekiokota kile kipande cha Paris. Akasema hapana. Kilikuwa cha titani, na titani haikamatwi na sumaku, kama ambavyo alumini haikamatwi, na sehemu kubwa ya ndege nyingi ni alumini. Nikaelewa kwa nini, pamoja na mashine zote zile, bado kulikuwa na mtu kwenye gari dogo anayepita polepole na macho yake tu.

Nikirudi likizo Dar nilikuwa natembea asubuhi barabara ya Morogoro nikiwatazama akina mama wanaofagia, na koti zao za kung'aa, fagio refu, kilemba puani. Watu wanaojua nilikotoka waliniuliza: mbona na sisi tusilete magari yale, akina mama hawa wapumzike? Swali zuri, ila jibu linaanzia chini. Gari la kunyonya linahitaji ukingo. Ukingo unaukusanya mchanga sehemu moja, unaipa brashi kitu cha kuegemea. Njia ya mwendokasi ina kingo, pale gari lingefanya kazi safi. Lakini barabara nyingi za mitaani lami inaisha hewani, halafu ni mchanga mtupu hadi kwenye vibanda. Ukipitisha brashi pale inachimba, gari linakusanya uwanja wa mtu, boksi linajaa, kesho bodaboda na daladala wameshaurudisha mchanga mwingine juu ya lami. Mama mwenye fagio anajua wapi barabara inaishia. Mashine haijui. Ningekuwa na sauti ningesema pesa ya gari la kwanza iwekwe kwenye kingo na mitaro, gari lije baadaye.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Arusha, mtoto wa binamu yangu, alinipigia. Amepata dili: gari la kufagia lililotumika, linatoka Ujerumani, bei nzuri, anataka kuomba tenda.

"Mjomba, injini yake ni nzima kabisa. Kilomita chache."

Nikamwambia kilomita za gari hili hazina maana, aulize masaa ya injini ya pili. Aulize feni ilibadilishwa lini. Aulize brashi zinauzwa wapi huku kwetu na kwa bei gani, maana brashi ni kama tairi, zinaisha. Halafu nikamwomba jambo moja rahisi: apige picha upande wa chini, brashi na mdomo vionekane.

Ujerumani wanaendesha kulia, na ukingo wao uko kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Kuna magari yenye mdomo pande zote mbili, na yanayotoka Uingereza huwa yamepangwa kama yetu, ndiyo maana nilitaka kuona kabla hajatuma hata senti.

Picha ilifika usiku. Mdomo mmoja, brashi moja, kulia. Kwa gari hilo angeweza kufagia kando ya tuta la katikati tu, au aende kinyume na magari. Nikamjibu atafute la Uingereza, na kabla ya kulipa anitumie na picha ya ule mpira wa nyuma.